E. Kaaya wa Kwanza

Watu husema mashine haina chuki na mtu. Waongo hao, au hawajawahi kukaa nayo meza moja. Hedwiga alikuwa amekaa na yake wiki mbili tu, na Jumanne ile saa nne na robo asubuhi, simu kutoka Uholanzi ilipolia, aliinyanyua akijua ni shari. Aliiunganisha kwa mkurugenzi, akajifanya anapanga bahasha kwenye droo.

Mlango wa Bwana Elihuruma Kaaya ulikuwa haujafungwa vizuri. Kiingereza chake kilianza kwa kicheko, kikaendelea bila kicheko, kikaishia kwenye "samahani sana" tatu mfululizo. Kisha simu ikawekwa chini kwa kishindo.

"Mama Agnela! Njoo hapa."

Akaenda. Bwana Kaaya alikuwa amesimama, tai imelegezwa, na kwa mtu ambaye hata joto la Februari halikumlegeza tai, hiyo peke yake ilikuwa habari.

"Mnunuzi ametuma faksi nne," alisema. "Faksi nne na imeli tatu. Anataka nithibitishe aina za maharage na tarehe ya meli, maharage yote ya msimu huu. Mimi sijaona hata moja. Ziko wapi?"

"Nilikutumia, bosi. Zote nne. Zikiingia tu nakutumia."

"Umenitumia wapi?"

"Kwenye sanduku lako. Humo kwenye kompyuta."

Akaigeuza kompyuta yake imtazame. "Haya, nisomee. Humu mna nini?"

Mlikuwa na ujumbe mmoja tu, ule wa majaribio alioutuma fundi siku ya kufunga mtambo: Karibu. Hedwiga aliusoma mara mbili, akaangalia chini yake kama mtu anayetafuta sarafu uvunguni. Hapakuwa na kitu.

Hapo zamani, yaani mwezi uliopita, jambo hili lingemalizika kwa dakika moja. Faksi ilikuwa ikitoka kwenye karatasi ile laini inayofifia, Hedwiga anaitoa nakala isije ikapotea maandishi, anaiandika kwenye daftari, anaipeleka mezani kwa mwenyewe, mwenyewe anatia saini. Ukibisha, daftari hili hapa. Lakini Tambarare, kampuni ya kusafirisha maharage ya mbegu, nayo ilikuwa imeamua kwenda na wakati. Mtambo mpya uliunganisha faksi na imeli. Faksi iliingia kwenye kompyuta ya mapokezi ikiwa picha, Hedwiga akafungua orodha ya majina, akachagua mwenyewe, akabonyeza, ikaenda kwenye sanduku la yule mtu. Imeli ndizo hazikupita kwake kabisa. Zilikwenda moja kwa moja. Karatasi zilipigwa marufuku na daftari likapelekwa stoo.

"Kwenye kikao ulisema nini, siku tunautambulisha mtambo huu?" Bwana Kaaya aliuliza.

Hedwiga aliirudisha kompyuta ilivyokuwa.

"Sema. Si ulisema mbele ya watu wote?"

"Nilisema naogopa utatupotezea barua."

"Na sasa zimepotea. Sasa wewe Mama Agnela, ni nabii, au ndiye unayezipoteza ili unabii wako utimie?"

"Yesu Maria! Bosi!"

"Mzungu amenipa mpaka Ijumaa. Asipopata jibu ananunua kwingine, na wale wakulima wanaotulimia kule Kikwe watakuja kunila mzima hapa mlangoni. Kwa hiyo na mimi nakupa mpaka Ijumaa saa sita mchana. Ama barua zile ziko juu ya meza hii, ama barua yako ya kuacha kazi iko juu ya meza hii. Moja kati ya hizo mbili."

Mtu akikuonea kwa kelele unaweza angalau kulia. Bwana Kaaya hakupiga kelele. Alisema maneno yale akikaza tai yake. Hedwiga alirudi mezani kwake, akaacha kalamu bila mfuniko.

*

Nyumbani ni mtaa wa Levolosi, vyumba viwili kwenye ua wa wapangaji sita. Mumewe, Philemoni, alikuwa amekaa kwenye benchi la nje anamenya ndizi. Tangu apunguzwe kiwandani, mwaka wa pili huo, jiko lilikuwa lake, na majirani walikuwa wameshachoka kumcheka.

"Umechelewa, Mama Agnela."

"Kazi zilikuwa nyingi."

"Umekula mchana?"

"Nimekula."

Uongo huo. Na Philemoni alijua ni uongo, maana mwanamke aliyekula mchana haangalii sufuria namna ile. Lakini hakuuliza zaidi. Mwanamume asiyeleta kitu nyumbani hupoteza mambo mengi, na moja ni haki ya kuuliza swali mara ya pili.

Walikuwa na utaratibu wao, hawakuwahi kuuzungumza. Kila Jumatatu Hedwiga aliacha hela kidogo chini ya kopo la sukari, hela ya gazeti, ya kinyozi, ya kahawa ya kijiweni. Philemoni alizichukua wakati hayupo mtu chumbani. Hivyo hakuna aliyeomba na hakuna aliyetoa, na heshima ya nyumba ikabaki.

Waliongea habari za binti yao, Agnela. Alikuwa amebakiza muhula mmoja chuo cha uuguzi, na alikuwa ameandika kwamba viatu vyeupe vimechanika, matroni amemtoa nje ya wodi mbele ya wagonjwa.

"Mwisho wa mwezi atapata," Hedwiga alisema.

"Mwisho wa mwezi," Philemoni akaitikia, akimtazama.

Alitamani kumwambia. Neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini angemwambia nini? Kwamba mshahara mmoja uliobaki ndani ya nyumba una siku tatu za kuishi? Akasema maharage yana chumvi ya kutosha, akala, akalala akiwa ameukumbatia mto.

Asubuhi alipoinua kopo la sukari atie kwenye chai, hela za Jumatatu zilikuwa pale pale, hazijaguswa. Philemoni alikuwa hajanyoa na hakuwa na gazeti. Hedwiga alirudisha kopo polepole, akatoka nje haraka mtu asije akayaona machozi.

*

Jumatano alimpigia fundi. Koikai ndiye aliyefunga mtambo, kijana wa Monduli aliyesomea Nairobi, mwenye suti na maneno mengi. Siku hizo alikuwa Moshi anafunga mwingine, na asingerudi hadi Jumatatu.

"Mama, kwanza tulia," Koikai alisema. "Mashine haipotezi barua. Mtu ndiye anayepoteza barua. Ukibonyeza, inakuandikia nini?"

"Inaandika imefika."

"Ulichagua jina sahihi?"

"Nilichagua la mkurugenzi. Nitachagua la nani?"

"Basi zimefika. Mwambie bosi atazame vizuri."

"Ametazama, baba. Nimetazama na mimi."

"Basi mama kuna mtu anazifuta," Koikai akasema kwa furaha ya mtu aliyekwisha kulipwa, na simu ikakatika.

Kuna mtu anazifuta! Bwana Kaaya, ambaye alikuwa anasikiliza kwenye simu ya chumbani kwake, alitoka akasimama mapokezi. Wakulima wawili wa Kikwe walikuwa wamekaa pale wakisubiri kuuliza magunia yao yatapimwa lini. Hakuwajali.

"Kasaine!" alimwita mlinzi. "Fungua droo za mama. Zote. Toa kila kitu. Kama amezichapa, zitakuwa humo."

Kasaine aliweka rungu lake chini. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto, na kila asubuhi Hedwiga ndiye aliyemmiminia chai. Alitoa kitu kimoja kimoja, akakipanga juu ya meza kama muuza mtumba. Rozari. Kandambili za siku za matope. Kijiko. Picha ya Agnela na kofia ya uuguzi. Kitambaa cha siku zile za wanawake, kimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Hapo wale wakulima wakageuza macho kwenye kalenda ya ukutani, na Hedwiga akatamani sakafu impokee.

"Hakuna faksi, bosi," Kasaine alisema.

"Rudisha."

Alipokuwa anarudisha, mlinzi aliinama akanong'ona, "Nisamehe, yeyo." Kwao neno hilo ni mama. Hedwiga alimpokea ule mfuko wa nailoni, akaurudisha mwenyewe.

Siku nzima iliyobaki alifanya kazi kama mtu anayetembea gizani na yai mkononi. Kila faksi iliyoingia aliitazama mara tatu. Akafungua orodha ya majina, akachagua la mkurugenzi, akabonyeza, akasoma: imefika. Mbili ziliingia. Mbili zikaenda. Alisimama nje ya mlango wa Bwana Kaaya akihesabu hadi mia, akaingia kuuliza kama ameziona. Hakuwa ameziona.

"Umebakiza siku moja na nusu," alimjibu bila kuinua kichwa.

Basi hapo hata yeye mwenyewe akaanza kujitilia shaka. Labda vidole vyake vina mkosi. Labda uzee umeanza kwenye macho. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na tangu enzi za teleksi hakuwahi kupoteza karatasi ya mtu hata moja. Hilo lilikuwa jambo lake la kujivunia, kama wengine wanavyojivunia nyumba ya tofali.

*

Alhamisi saa nane mchana lori liliingia uwanjani limejaa magunia, na juu ya magunia alikuwa karani wa stoo, Mzee Elifuraha. Alikuwa Kikwe tangu wiki iliyopita akipima maharage ya wakulima. Alishuka, akajipangusa vumbi, akaja mapokezi kunywa maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Agnela. Mbona uso umekuwa mdogo hivyo? Unaumwa?"

"Siumwi. Habari za Kikwe?"

"Kikwe wazima, wanataka hela zao tu." Akanywa, akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Mwanangu, nikuulize kitu, lakini kisifike kwa bosi. Wewe hizi kompyuta unazijua. Ya kwangu ina ugonjwa."

"Ya stoo? Inaumwa nini?"

"Sijui. Tangu siku ile Koikai ameifunga, kwenye kioo pembeni pana kibahasha kinawaka, kinazima, kinawaka, kinazima. Nikaona nikisema watasema mzee kaiharibu. Nikaifunika na kitambaa. Mke wangu Ndeshi alikifuma cha kufunikia redio, kikaenea vizuri tu."

Hedwiga aliweka chini kalamu.

"Kibahasha?"

"Kidogo hivi. Cha njano."

"Mzee, ulipofundishwa, Koikai hakukwambia kibahasha ni nini?"

"Alisema mambo mengi kwa Kiingereza. Halafu akauliza kuna swali. Wote kimya. Sasa mtu wa miaka yangu, mzee wa kanisa, nianze mimi kuuliza? Nikasema nimeelewa. Alichosema nikakielewa ni kimoja: msizime. Basi sijaizima."

Walivuka uwanja wakikimbia, mwanamke na viatu vyake vya ofisini, mzee nyuma yake anauliza kuna moto wapi. Ghala lilinuka maharage na dawa ya wadudu. Mezani, kati ya mizani na marundo ya stakabadhi, kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe chenye maua mekundu, na chini ya kitambaa mwanga ulikuwa unapepesa. Hedwiga alikivuta.

Juu kabisa ya kioo paliandikwa: E. KAAYA. Chini yake barua kumi na mbili.

"Mzee," alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali. "E. Kaaya ni wewe?"

"Sasa nisipokuwa mimi ni nani? Elifuraha Kaaya, jina alilonibatiza mchungaji."

Hapa inabidi kusema neno kwa wasioijua Meru. Ukisimama soko la Tengeru ukaita "Kaaya!" watageuka watu thelathini, na ukiongeza "Eli" mbele yake hawatapungua hata kumi. Elihuruma Kaaya na Elifuraha Kaaya hawakuwa ndugu wa karibu. Walikuwa wa ukoo mmoja tu, na kanisa moja lililopenda kumweka Mungu, ndiye huyo "Eli", mwanzoni mwa jina. Watu walijua nani ni nani bila kujiuliza. Koikai hakuwa mtu wa Meru, na alipanga majina kwa alfabeti. F huja kabla ya H. Karani wa stoo akawa E. Kaaya. Mkurugenzi akawa E. Kaaya 2.

Na Hedwiga, kila alipofungua orodha, aliyaona yote mawili yamefuatana, E. Kaaya na E. Kaaya 2, na hata siku moja hakusita. Mkurugenzi ndiye wa kwanza. Kwenye orodha ya chai ni wa kwanza, kwenye muhtasari wa kikao ni wa kwanza, kwenye sherehe soda yake hufunguliwa ya kwanza. Nani katika dunia hii angemweka mkurugenzi namba mbili nyuma ya mtu wa magunia? Hata Bwana Kaaya mwenyewe alichapisha kadi zake mpya kwa anwani ya imeli isiyo na namba, akazigawa Ulaya nzima. Heshima ndiyo iliyowaponza wote.

Hedwiga alicheka. Alicheka hadi akashika meza, na Mzee Elifuraha naye akacheka, asijue anacheka nini.

"Zimepatikana, mzee! Zote hizi! Hii ya Uholanzi, hii, hii... Mungu ni mwema!"

"Wakati wote," mzee akaitikia kwa mazoea.

Akaanza kuzifungua moja baada ya nyingine. Nne za faksi za Mholanzi, tatu za imeli yake. Zile mbili za jana. Moja ya wakala wa meli. Moja ya kampuni ya dawa. Ya kumi na mbili ilikuwa imeli kutoka kwa wabia wa Nairobi, wenye nusu ya kampuni, imekuja juzi. Aliisoma akiwa bado anatabasamu.

Ilikuwa fupi. Kuhusu barua yako ya Agosti, ilisema. Kama ulivyoomba, tunakubali nafasi ya katibu muhtasi ifutwe mwisho wa Septemba, kwa kuwa mtambo mpya umechukua kazi zake. Tafadhali thibitisha kabla ya saa kumi na moja Alhamisi.

Mzee Elifuraha hakusoma Kiingereza, lakini uso aliusoma. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Sasa?"

"Hii ni yangu, mzee. Wananiondoa. Mwisho wa mwezi huu."

Mzee alivuta gunia akakaa. Nje wapakuzi walikuwa wanaimba wakishusha mzigo. Alikuna kidevu.

"Bosi ameiona?"

"Ataionaje? Ilikuwa kwako."

"Basi haijafika," alisema taratibu. "Si kuna mahali pa kufutia? Koikai alituonyesha, ndoo ya taka. Mimi kibahasha changu kilikuwa kimefunikwa, sikuona kitu. Na siwezi kusema nimeona nisichokisoma. Naweza kuapa hata madhabahuni."

Hedwiga aliweka mkono kwenye mausi. Aliogopa, tusimpambe. Aliwaza viatu vya Agnela, na kidevu cha Philemoni ambacho hakijanyolewa. Nairobi wangekaa wiki kabla ya kuuliza tena, labda mbili, na katika wiki mbili nani ajuaye, Bwana Kaaya huenda akaona haya na kubadili mawazo. Kidole kimoja tu. Hata padri asingejua, kama asingemwambia yeye.

"Siku mbili hizi ameniita mwizi wa barua," alisema mwishowe. "Nimekataa. Nimeapa kwa Mungu. Nikiifuta hii, mzee, atakuwa amesema kweli."

"Kweli yako haitalipa ada."

"Najua. Usiniambie, najua!" Akafuta macho kwa kile kile kitambaa cha redio. Kisha akabonyeza, na mashine ya kuchapia ikaanza kutoa karatasi, moja baada ya nyingine, zote kumi na mbili.

*

Ilikuwa saa kumi na robo alipoweka kumi na moja juu ya meza ya mkurugenzi. Ya kumi na mbili aliishika mkononi.

Bwana Kaaya alisikiliza habari ya F na H mdomo wazi. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akaruka, akashika simu. Mholanzi alipatikana. Maharage yakathibitishwa, meli ikathibitishwa, kicheko kikarudi kwenye Kiingereza chake. Alipoweka simu chini alizunguka meza akamshika Hedwiga mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama Agnela! Umetuokoa. Nilikukosea. Mimi ni binadamu, nilikukosea sana. Sikiliza nikwambie, na Mungu ananisikia: maadamu mimi nipo kwenye kiti hiki, wewe huondoki Tambarare."

Hedwiga alimtazama. Alikuwa anasema kweli, hilo ndilo lililouma; kwa dakika ile alikuwa amesahau. Macho yake yalikuwa na maji.

"Kuna na hii, bosi," akasema, akampa.

Akaisoma amesimama. Kisha akakaa.

"Umeisoma?"

"Nimeisoma. Kusoma ndiyo kazi yangu."

"Ungeweza..." Hakumaliza. Alitazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa ukuta wa ghala. "Mama Agnela, nielewe. Wale watu wasingetoa hela ya mtambo bila kuwaonyesha itarudi wapi. Nikawaambia mshahara mmoja utapungua. Ilikuwa hivyo, au tubaki na karatasi zile tukafunge. Nikasema, mama ana mume."

"Ninaye."

"Basi nenda nyumbani kapumzike. Tutaongea kesho, kwa utulivu."

"Wanataka jibu leo, kabla ya saa kumi na moja," Hedwiga alisema. "Imebaki nusu saa. Niandike nini?"

Bwana Kaaya alimwangalia kana kwamba amesikia vibaya. Lakini Hedwiga alikuwa amekwisha vuta kiti, amekaa mbele ya kompyuta ya mkurugenzi, mgongo umenyooka. Kwa miaka kumi na miwili ndivyo walivyofanya: yeye anasema kwa Kiswahili, Hedwiga anaandika Kiingereza kilichonyooka, na Nairobi wakamsifu Bwana Kaaya kwa barua zake. Bila Hedwiga asingeweza kuandika jibu lile hata kama angetaka.

Saa ya ukutani ililia tiki, tiki. Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema, waandikie nimebadili mawazo. Hedwiga alingoja neno hilo, vidole juu ya herufi. Alimngoja kwa kweli. Alikuwa tayari kumsamehe droo na kila kitu.

"Andika..." Bwana Kaaya alikohoa. "Andika tumepokea ujumbe wenu, tunashukuru. Kuhusu nafasi ya katibu muhtasi, tutaifuta mwisho wa Septemba, kama mlivyoagiza."

Vidole vilikwenda, vikasimama.

"Samahani, bosi. Wao hawakuandika wameagiza. Wameandika kama ulivyoomba. Niandike ipi?"

Mlinzi alikuwa anafunga madirisha ya mapokezi, moja moja, yanasikika.

"Nilivyoomba," Bwana Kaaya alisema.

"Kama nilivyoomba," Hedwiga alirudia, akaandika. Akaisoma yote kwa sauti kama ilivyo desturi. Akaweka nukta iliyosahaulika. Akabonyeza.

"Imefika," akasema, akainuka.

*

Philemoni alikuwa kwenye benchi lake. Hedwiga aliingia uani bado kuna mwanga, akapita wanawake waliokuwa wanaosha vyombo, hakusalimu mtu, akasimama mbele yake.

"Baba Agnela, nimepunguzwa."

Philemoni aliweka kisu chini.

"Barua zimepatikana, sikuwa na kosa, na nimepunguzwa. Barua yenyewe nimeichapa mimi kwa mikono yangu. Sijui tutakula nini. Sijui nitamwambia nini mtoto." Akaanza kulia, pale pale, mbele ya majirani, bila hata kujifunika.

Mumewe hakusema pole. Alimwachia alie. Majirani wakajidai wanamwaga maji, wakaingia ndani mmoja mmoja.

"Mimi siku yangu," alisema baadaye, "walinipa barua saa tatu asubuhi. Nikazunguka mji huu hadi usiku. Nilifika hadi Maji ya Chai kwa miguu, nikarudi. Niliogopa kuja hapa. Niliogopa uso wako, Mama Agnela. Sijawahi kukwambia."

Hedwiga alimtazama kwa macho yaliyovimba.

"Wewe umekuja moja kwa moja," Philemoni alisema.

"Ningekwenda wapi?"

Akasogea kwenye benchi kumwachia nafasi. Hedwiga akakaa, akavua viatu vya ofisini, akavuta beseni la ndizi karibu. Kisu kilikuwa kimoja, basi wakawa wanapokezana.